Upasuaji wa Moyo Uhesabiwe Malindi, Si Mlangoni mwa Thieta

Hospitali ikitangaza kwamba upasuaji wa moyo umefaulu, swali la kwanza liwe hili: umefaulu hadi lini? Kwa desturi ya taaluma hiyo, hesabu inayotajwa zaidi hufungwa siku ya 30. Mgonjwa akiwa hai siku hiyo, huandikwa upande wa waliofaulu. Akifariki siku ya 31, au baada ya miezi minane, au mwaka wa tatu akiwa kwenye matatu ya Mombasa akienda kupima damu, kifo chake si cha upasuaji tena. Ni msiba wa watu wa Malindi. Utawekewa turubai na viti, utasomewa hitima, na aliyeshika kisu huenda asipate habari kamwe.

Ugomvi wangu ni na hesabu hiyo, si na wapasuaji. Utafiti wa tiba ya moyo unaowahusu watu wa pwani hauwezi kuishia wodini, iwe ni Nairobi, Mombasa au Chennai kule India. Kwa mgonjwa wa hapa operesheni ndiyo sehemu fupi ya matibabu. Sehemu ndefu hufanyika Muyeye, Maweni, Barani na Gongoni, na huko ndiko hakuna anayehesabu.

Jambo hili si geni. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, na dunia nzima ikashangilia. Washkansky aliishi siku 18. Nimonia ndiyo iliyomuua, maana dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeidhoofisha kinga yake. Moyo wenyewe ulikuwa ukipiga vizuri. Sasa operesheni ile ilifaulu au haikufaulu? Inategemea anaulizwa nani, fundi au mjane.

Nikiri pia kwamba kuhesabu vifo vya mapema kulianza kwa nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo la New York lilianza kutangaza hadharani vifo vya wagonjwa wa upasuaji wa mishipa ya moyo, hospitali kwa hospitali, kisha mpasuaji kwa mpasuaji. Uingereza ilifika huko kwa uchungu zaidi. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2001 ilionyesha kwamba katika hospitali moja ya mji wa Bristol watoto wadogo waliopasuliwa moyo walikuwa wakifa kwa wingi kuliko kwingineko, mwaka baada ya mwaka, na baadhi ya waliojua walinyamaza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila hesabu ile wazazi wasingejua lolote. Yalikuwepo malalamiko kwamba baadhi ya wapasuaji walianza kuwakwepa wagonjwa walio hoi ili wasiharibu namba zao, na siyashangai. Lakini nchi zile, hesabu ya hospitali ikifungwa, kuna wengine wanaoendelea nayo. Daktari wa familia anamjua mgonjwa kwa jina, na kifo kinaandikishwa kwa namba inayomfuata mtu toka kuzaliwa. Sisi tumeazima kipimo, hatukuazima daftari linalokuja baada yake.

Kisha tuangalie ni nani anayepasuliwa. Mwaka 2019 lilitolewa jaribio la PARTNER 3, mojawapo ya majaribio yaliyobadilisha namna vali ya aota, yaani mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini, inavyowekwa katika nchi tajiri: badala ya kufungua kifua, vali hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Wagonjwa walikuwa 1,000, wastani wa umri wao miaka 73. Ni watu waliokwisha kulea wajukuu. Sasa weka kando yake utafiti wa REMEDY, uliowaandikisha wagonjwa 3,343 katika hospitali 25 za nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Hawa waliugua moyo wa baridi yabisi. Nusu yao hawakuwa wamepita miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Katika nchi maskini zaidi ilikuwa karibu 21 katika 100. Katika zile zenye nafuu, 12. Umri wa kati wa waliokufa ulikuwa miaka 28.7.

Ugonjwa wenyewe huanza na kitu ambacho hakuna mzazi anayekiogopa: koo. Mtoto anaumwa na mafindofindo, anapewa maji ya moto na chumvi asukutue, yanapita. Bakteria wa streptokoka waliosababisha yale maumivu wasipotibiwa kwa antibayotiki, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hukosea shabaha na kuanza kushambulia viungo vya mifupa na vali za moyo. Homa inakuja na kuondoka, na koo likirudi, vali huumizwa tena. Miaka baadaye vali imekuwa ngumu au inavuja, damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji, na msichana wa miaka 19 hawezi kubeba ndoo kutoka bombani bila kupumzika mara tatu. Majirani husema ana pumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu na 360,000 hufa kila mwaka, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Huyo msichana akibahatika kufika mezani, operesheni humsaidia kweli. Katika REMEDY wenyewe, waliokuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa vali walikufa kwa uchache kuliko ambao hawakufanyiwa. Kwa hiyo asije mtu akanisoma vibaya. Ila kuna uamuzi unaofanyika thieta ambao utaamua maisha yake Malindi, na mara nyingi haulizwi.

Vali ikiweza kurekebishwa, hurekebishwa, na hilo ndilo bora. Isipowezekana, hubadilishwa, na hapo njia ni mbili. Kuna vali ya kutengenezwa kwa kaboni ngumu, ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita ya chuma. Inaweza kudumu miongo, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hivyo mwenye nayo atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Na kuna vali ya nyama, iliyotokana na nguruwe au ng'ombe. Hiyo kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, lakini katika mwili wa kijana huchakaa haraka kuliko katika mwili wa mzee, na ikichakaa ni kufunguliwa kifua tena. Swali la nguruwe huulizwa sana pwani, kwa sauti ya chini, na lina majibu: zipo za ng'ombe, na masheikh wengi wameiruhusu ya nguruwe kwa dharura. Lisiloulizwa vya kutosha ni swali la ndoa. Warfarini inapita kwenye kondo la nyuma na inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kuacha dawa nako ni kuhatarisha vali ya mama. Sindano za heparini zinazotumiwa badala yake hazipenyi kwa mtoto, ila haziilindi vali vizuri kama warfarini, tena zataka kupimwapimwa. Mpasuaji anayemwekea msichana wa miaka 19 vali ya chuma bila kuketi naye, na mama yake, na pengine na mchumba, amefanya kazi safi ya mikono na ameacha tatizo kubwa kwenye nyumba ya watu.

Na je, mimba zao zinaishaje? Wangapi wamejifungua salama, wangapi wamepoteza watoto, wangapi wameachwa kwa kuambiwa ni wagonjwa? Hayo ni matokeo ya upasuaji. Hesabu ya siku 30 haiyajui.

Turudi kwenye warfarini yenyewe, maana hapo ndipo maisha ya mgonjwa yanapoamuliwa. Kipimo cha kujua damu inachelewa kuganda kiasi gani kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa ana 1 au hapo karibu. Mwenye vali ya chuma upande wa kushoto wa moyo, penye vali ya mitrali, madaktari kwa kawaida hutaka awe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu inaganda, tonge linapanda kichwani, mtu anaamka mdomo umepinda. Juu ya hapo anatoka damu: fizi, hedhi isiyokatika, au ndani ya fuvu pasipoonekana. Ni kama nahodha anayeingiza jahazi mlangoni maji yakiwa yamekupwa, mwamba kulia na mwamba kushoto, na nafasi katikati ni ndogo.

Dawa hii ina wivu. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo huivunja nguvu. Mchicha, kisamvu na matembele, vitu vya kila siku hapa, si haramu kwa mgonjwa. Anachotakiwa ni kula kiasi kisichopandapanda na kushuka. Lakini chakula cha nyumba yenye kipato cha kubahatisha hakina kiasi. Wiki ya samaki wengi ni samaki, wiki ya ukame wa mfuko ni kisamvu asubuhi na jioni. Kisha kuna duka la dawa la pembeni. Nilikuwepo kliniki mama mmoja alipomleta binti yake, daftari la mahudhurio limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Mwezi uliotangulia namba ilikuwa 2.7, nzuri. Siku hiyo ilikuwa 5.8, na binti ana alama nyeusi mkononi asizojua zilitoka wapi.

"Sista, mimi nameza kila siku usiku, sijaruka hata moja. Mbona damu yasema sivyo?"

"Kuna dawa nyingine ulikunywa, mwanangu?"

Mama ndiye aliyejibu. Tumbo lilimsumbua binti, akanunuliwa Flagyl, kwani si hiyo hunywa watu wote? Muuguzi akafunga macho kidogo, kisha akaanza kueleza taratibu, bila kugomba, kwamba Flagyl na Septrin huipandisha nguvu ya warfarini, na dawa za maumivu kama daiklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu, na kwamba kabla ya kununua chochote wapige simu. Aliandika namba ya simu nyuma ya daftari. Yake mwenyewe.

Ningependa mtafiti yeyote wa moyo aione namba ile ya simu. Huo ndio mfumo wetu wa ufuatiliaji: salio la muuguzi mmoja. Akihamishwa, mfumo umehama naye.

Kwa binti yule kipimo kilipatikana. Wengi wanalazimika kwenda hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kibarua imepotea, na aghlabu mtu wa kumsindikiza. Kwa namba moja. Ndiyo maana sikushangaa niliposoma katika REMEDY kwamba miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda, waliokuwa na INR inayotakiwa walikuwa 28.3 tu katika kila 100. Yaani mgonjwa anapewa vali ya maelfu ya dola kisha anaachwa aivushe kwa kubahatisha. (Ramadhani, kwa wanaouliza, si kikwazo kikubwa kwa warfarini kwani humezwa mara moja kwa siku, inaweza kufuata futari. Shida ni vidonge vya kutoa maji mwilini, na hilo lazungumzwa na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada.)

Watu wakasema basi dawa mpya zitatuokoa. Zipo dawa zinazozuia damu kuganda bila kuhitaji INR wala kugombana na kisamvu, na rivaroksabani ni mojawapo. Kwa wazee wa Ulaya na Marekani wenye moyo unaopiga ovyo, zilikwisha kuthibitika. Ilionekana kama zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa Gongoni. Likafanyika jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa baridi yabisi wenye mapigo ya ovyo, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hawa hawakuwa na vali ya chuma, kwani kwa wenye vali hiyo dawa za kundi hilo haziruhusiwi. Waligawanywa kwa kura: nusu rivaroksabani, nusu warfarini au ndugu zake.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika wale 2,275 wa rivaroksabani, 560 walipata kiharusi, tonge la damu kwingineko au mshtuko wa moyo, au walifariki kwa sababu za moyo na mishipa au zisizojulikana. Katika wale 2,256 wa warfarini walikuwa 446. Vifo ndivyo vilivyoleta tofauti kubwa, na hatari ya kutoka damu nyingi haikutofautiana kwa maana. Dawa ya zamani, ya bei rahisi, yenye wivu, iliishinda dawa mpya.

Kwa nini? Watafiti wenyewe hawakupata maelezo yanayotosha. Tofauti haikuwa hasa kwenye viharusi, ambavyo ndivyo dawa hizi huzuia, bali kwenye vifo vya ghafla na vya moyo kuchoka. Maelezo mojawapo yaliyojadiliwa ni kwamba mwenye warfarini alikuwa akionwa mara kwa mara kwa ajili ya kipimo. Kuna namba nyingine katika utafiti ule ambayo haikupewa vichwa vya habari. Wagonjwa walipoanza, theluthi moja tu ya waliokuwa wakitumia warfarini ndio waliokuwa na INR inayotakiwa. Walipokuwa ndani ya utafiti, wakiitwa, wakipimwa, wakirekebishiwa dozi, ilipanda ikawa zaidi ya nusu, na baadaye karibu theluthi mbili. Watu walewale, mboga zilezile.

Mimi nalisoma hivi: hata kama kuonwa mara kwa mara siko kulikoleta tofauti ya vifo, tumekwisha kuonyeshwa kwamba INR nzuri inawezekana kwa watu maskini wa nchi za joto, ikiwa kuna mtu kazi yake ni kuwafuata. Anayeniambia warfarini haiwezekani Malindi ataje kwanza ni nani ameajiriwa kuiwezesha.

Hadi hapa nimezungumzia vijana. Wazee wetu wana ugonjwa mwingine, wa mishipa ya moyo kuziba, ulioletwa na presha, sukari, sigara na umri, na wao wana safari nyingine: India. Kila baada ya muda kundi la WhatsApp linafunguliwa, jina la mgonjwa na neno "matibabu", namba ya kuchangia inabandikwa, kamati inaundwa. Sina neno na harambee. Ninalo neno na kinachochangiwa. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio la ISCHEMIA, la wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Hawa walikuwa na mishipa iliyoziba kiasi cha kuonekana kwenye vipimo, lakini hali yao ilikuwa imetulia. Nusu walipelekwa haraka kupigwa picha ya mishipa na, ilipofaa, kuwekewa stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa uwe wazi, au kufanyiwa upasuaji. Nusu walipewa dawa kamili kwanza. Baada ya miaka kama mitatu, vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana. Waliokuwa na maumivu ya kifua ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi kwa stenti, na hiyo si faida ndogo. Lakini umri haukuongezeka.

Tuwe waangalifu. Jaribio lile liliwaacha nje wenye mshipa mkuu wa kushoto ulioziba na wenye moyo dhaifu sana, na halimhusu kabisa mtu aliyeshikwa na maumivu makali ya kifua ghafla usiku huu. Huyo akimbizwe hospitali. Ninayemsema ni mzee anayetembea hadi msikitini na kurudi, aliyepimwa, akaambiwa mishipa imeziba, na familia ikauza kipande cha shamba kule Magarini. Anarudi na stenti, kisha mwezi wa tatu vidonge vya presha na vya mafuta vinaisha na hakuna aliyebakiza pesa ya kuvinunua. Kwa ushahidi tulio nao, vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vimebeba uhai wake. Sijawahi kuona harambee ya vidonge.

Kuna maswali yanayoulizika huku tu, na hayaulizwi. Mwezi Mei 2024 kaunti ya Kilifi ilipiga marufuku muguka, jani la kutafuna la jamii ya miraa, mahakama ikasimamisha amri, mabishano yakawa ya siasa na ya soko. Yemen waliwahi kulinganisha waliopatwa na mshtuko wa moyo na wasiopatwa, wakakuta utafunaji wa miraa umesimama upande wa wagonjwa, hasa kwa watafunaji wakubwa. Pwani nzima tulibishana wiki kadhaa juu ya jani hilo bila mtu kuuliza kliniki zetu za moyo zina watafunaji wangapi.

Najua nitaambiwa utafiti wa namna hiyo ni wa mataifa makubwa. Gulu, kaskazini mwa Uganda, si Boston. Huko ndiko watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa mashine ya eko, inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, ili wapatikane wale ambao baridi yabisi imeanza kuwagusa kimyakimya, na 818 wakaingizwa kwenye jaribio la sindano ya penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto watatu wa sindano na 33 wa upande usiopata. Sindano ya bei ndogo, iliyogunduliwa zamani za babu zetu, ikaonyeshwa na Waganda na wenzao kwamba inaweza kumwepusha mtoto na thieta.

Na si lazima kwenda Gulu. Saa moja na kitu kwa barabara kutoka Malindi, mjini Kilifi, kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Kilifi ilikuwa mojawapo ya hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011. Watoto mahututi wenye homa na damu isiyozunguka vizuri walikuwa wakipewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, kwa kuwa hivyo ndivyo vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyofundisha. Katika watoto 3,141 wa jaribio lile, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: kama 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba ziada ile ya vifo ilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Tiba iliyoheshimika dunia nzima ilikuwa ikiwaua watoto wa kwetu, na isingejulikana kama swali lisingeulizwa kwenye wodi zetu.

Kilifi ina kitu kingine ambacho kwa hoja yangu ni muhimu kuliko FEAST. Tangu mwaka 2000 wakusanyaji wa takwimu wanapita nyumba hadi nyumba kuizunguka hospitali ya kaunti, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa, miongoni mwa watu zaidi ya robo milioni, na kuunganisha majina hayo na rekodi za waliolazwa. Eneo hilo haliufikii mji wa Malindi. Lakini ufundi upo, ndani ya kaunti yetu, na wanaoujua ni vijana wa hapahapa wanaobisha hodi kwa Kigiriama. Kumfuata mgonjwa wa moyo baada ya thieta hakuhitaji uvumbuzi wowote ambao haujaonekana kilomita sitini kutoka hapa.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinaumiza kidogo. Kila hospitali inayompasua moyo mtu wa pwani, na kila kambi ya wapasuaji wageni inayokuja kwa wiki moja na kupiga picha, itoe hesabu ya walio hai mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na asiyejulikana aliko aandikwe hivyo, asifichwe kwenye safu ya waliopona. INR ipimwe Malindi kwa tone la damu ya kidole. Mashine hiyo inaingia mfukoni mwa koti. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini Septemba 2023, zaidi ya 100,000, tayari wana simu na mkoba wenye mashine ya presha. Waongezewe orodha ya wenye vali katika kata yao na maswali matatu ya kuuliza: unameza, umepimwa lini, umenunua dawa gani nyingine. Mimba za wanawake waliobadilishwa vali ziandikwe kama matokeo ya upasuaji.

Litakuja swali la pesa, na ni halali. Mashine ni ya kununuliwa, vibanzi vyake vya kupimia ni vya kununuliwa kila mwezi, muuguzi ni wa kulipwa, na bima ya SHA bado inapambana kulipa ilichokwisha kuahidi. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo si ya kliniki ya Malindi kuihangaikia peke yake kama yatima. Aliyepanga bajeti ya operesheni alipanga mashine ya moyo na mapafu, damu, vali, kitanda cha wagonjwa mahututi. Aweke na miaka mitano ya INR na nauli humohumo, zikatwe na kuwekwa pembeni kabla mgonjwa hajalazwa mezani, na asipoweza kuzipata, mgonjwa na familia yake waambiwe hivyo wakati bado wana nafasi ya kuchagua vali.